Siku Moja Kanchipuram: Mwongozo wa Kuutembelea Mji wa Mahekalu kwa Anayetokea Chennai

Mahekalu ya Kanchipuram hufungwa mchana. Hilo ndilo la kwanza kulijua, kabla ya majina ya miungu na kabla ya nauli. Kati ya saa sita na saa sita na nusu makuhani hufunga milango ili miungu ipumzike, na milango hiyo haifunguliwi tena hadi saa kumi jioni. Mara ya kwanza nilifika pale saa saba kasoro, baada ya kuondoka Chennai kwa uvivu na chai ndefu, nikapokewa na kufuli na mbuzi watatu waliojilaza kwenye kivuli cha lango. Mwongozo huu umepangwa kuizunguka saa hiyo. Anayeiheshimu huona mengi kwa siku moja, na anayeipuuza hulipa nauli ili akatazame kuta.

Nimewaandikia hasa watu wa kwetu wanaojikuta Chennai kwa sababu nyingine. Watanzania na Wakenya wengi huenda huko kwa matibabu, na anayemsindikiza mgonjwa mara nyingi hubaki na siku mbili tatu za kungoja majibu ya vipimo, akizunguka kati ya chumba cha kupanga na duka la dawa. Kanchipuram uko kilomita 75 hivi kusini-magharibi mwa Chennai, katika jimbo hilo hilo la Tamil Nadu, na ni mji mdogo ambao unaweza kuumaliza na kurudi kulala.

Kwanza uuelewe mji ulivyokaa

Kanchipuram ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Pallava, waliotawala sehemu hii ya India ya kusini hadi karne ya 9. Wahindu wanauhesabu miongoni mwa miji 7 mitakatifu ya India, na ndio pekee kati ya hiyo ulioko kusini. Watu huuita mji wa mahekalu elfu. Usijaribu kuyahesabu. Mahekalu matano yanatosha kwa siku moja, na ukizidisha hapo, nguzo na sanamu huanza kuchanganyika kichwani hata usiweze kumsimulia mtu ulichokiona.

Mji umegawanyika pande mbili kuu. Upande wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, unaitwa Kanchi Kubwa, nao una stendi ya mabasi na mahekalu manne kati ya hayo matano. Upande wa mungu mkuu mwingine, Vishnu, yaani Kanchi Ndogo, uko kilomita chache kusini-mashariki, na hekalu lake kuu ni la Varadharaja Perumal. Kwa hiyo mpango wenyewe ni mwepesi: asubuhi ni ya upande wa Shiva, mchana ni wa chakula na hariri, na jioni ni ya upande wa Vishnu.

Maandalizi ya usiku wa kuamkia safari

Chagua msimu ukiweza. Januari na Februari hali ya hewa ni ya wastani. Aprili hadi Juni ni joto kali, ambalo mtu wa Dar es Salaam atalitambua lakini hatalipenda. Oktoba hadi Desemba mvua kubwa za upande huo hunyesha na barabara hujaa maji. Ikiwa huna uchaguzi, kwa sababu tarehe imepangwa na daktari, basi angalau chagua siku. Ijumaa hekalu la mungu wa kike Kamakshi hufurika watu, na siku za sikukuu kubwa, kama Panguni Uthiram ya Machi au Aprili, mji mzima huwa foleni moja.

Mavazi yawe ya kufunika mabega na magoti, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Wanaume wa pale huvaa veshti, shuka jeupe lenye pindo linalofungwa kiunoni kama kikoi, lakini suruali ndefu inakubalika. Viatu viwe vya kuvuliwa kwa urahisi, kwa kuwa utavivua mara tano au zaidi, na katika mfuko weka soksi nene. Ushauri huu wa soksi niliupuuza. Ua la hekalu limesakafiwa kwa mawe, na kufikia saa nne na nusu asubuhi mawe hayo huwa kama kikaango. Nilivuka ua mmoja kwa mwendo ambao bibi mmoja aliyeketi kivulini aliucheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya sari. Kutembea na soksi hakukatazwi katika nyua nyingi, ingawa panapokatazwa utaambiwa.

Chukua pia chupa ya maji, kitambaa cha jasho, na rupia za noti ndogo na sarafu. Mtunza viatu, muuza maua, dereva wa bajaji na mwenye chai hawana chenji ya noti kubwa, au husema hawana.

Jambo la mwisho la kujiandaa nalo ni la moyoni. Haya ni mahekalu yanayosaliwa kila siku, na wengi wa wasomaji wangu ni Waislamu au Wakristo. Mahekalu makubwa ya Tamil Nadu humruhusu mgeni asiye Mhindu kuingia uani na kwenye kumbi, lakini chumba cha ndani chenye mungu mkuu ni cha Wahindu pekee, na kibao kitakuambia mwisho wako ni wapi, mara nyingi karibu na mlingoti mrefu wa bendera uliofunikwa kwa shaba. Usibishane na kibao hicho wala usijaribu kumhonga mtu akupitishe. Kuhani akikunyoshea majivu meupe au unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso, na wewe hutaki, unganisha viganja mbele ya kifua, inamisha kichwa kidogo, upite. Hakuna atakayechukia. Ukipokea kitu chochote, pokea kwa mkono wa kulia, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufundishwa.

Kufika

Njia ziko tatu. Gari la kukodi pamoja na dereva wake huchukua kama saa mbili kwa barabara kuu ya kwenda Bengaluru, na ndiyo njia bora ikiwa mko watatu au wanne au kama mna mtu mzima asiyeweza kusimama sana. Mkubaliane bei ya siku nzima mapema, ikiwemo ada ya barabara na muda wa kusubiri. Njiani mtapita Sriperumbudur, ambako Rajiv Gandhi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa India, aliuawa kwa bomu tarehe 21 Mei 1991. Pana bustani ya kumbukumbu kwa anayetaka kusimama, lakini asubuhi usisimame, kwani saa sita haimngoji mtu.

Basi ni la bei rahisi sana na huondoka mara kwa mara. Treni ya mjini inayopitia Tambaram na Chengalpattu ni rahisi pia na ina upepo mzuri dirishani, ila safari zake zinazofika Kanchipuram moja kwa moja si nyingi kwa siku, kwa hiyo uliza saa yake jana yake. Kwa njia yoyote, ondoka Chennai kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Ukishuka stendi utazungukwa na madereva wa bajaji. Ni bajaji zile zile za kwetu, ila za njano. Kata bei ya mzunguko wa asubuhi nzima badala ya kulipa kila kituo, na utaje mahekalu kwa majina. Maneno machache ya Kitamil yatakusaidia kuliko Kiingereza kingi: vanakkam ni salamu, evvalavu ni bei gani, vendam ni sitaki. Dereva aliyekuzidi umri mwite anna, yaani kaka mkubwa, na mama muuza maua mwite amma au akka, dada mkubwa. Nilipoanza kuwaita hivyo, bei hazikushuka sana, lakini sauti zilishuka.

Hatua ya kwanza asubuhi: Kailasanathar

Anzia hapa, hata kama dereva atakwambia hekalu kubwa ni lingine. Kailasanathar liko kama kilomita mbili magharibi mwa katikati ya mji, limetazama mashariki, na jua la asubuhi huliangukia usoni. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 8 na mfalme Narasimhavarman wa Pili, aliyejulikana kama Rajasimha, kwa mawe laini ya mchanga juu ya msingi wa matale magumu. Husimamiwa na idara ya serikali ya mambo ya kale, kwa hiyo hakuna msongamano wala wauza maua wengi; mara nyingi utalikuta na watu wasiozidi kumi na nyasi zilizokatwa vizuri.

Ng'ombe dume wa jiwe, Nandi, kipando cha Shiva, ameketi mbali nje ya ukuta akilitazama hekalu. Ingia, kisha usielekee katikati. Geukia kushoto na ufuate ukuta wa ndani wa ua, kwa kuwa utajiri wa mahali hapa uko pembeni: vijihekalu vidogo 58 vimepangwa mfululizo kuuzunguka ua, kila kimoja kikiwa na sanamu ya Shiva, mkewe au jamaa yake, na ndani ya baadhi yake yamebaki mabaki ya michoro ya rangi. Inama uchungulie. Katika vichache utaona jicho, ukingo wa taji, kipande cha bega chekundu, rangi ya miaka zaidi ya 1,200 ikiwa imeng'ang'ania lipu. Nguzo zimebebwa na simba waliosimama kwa miguu ya nyuma, wenye mdomo wazi na macho yaliyotoka, na ukimtazama simba mmoja mmoja utagundua kwamba hawafanani.

Tafuta pia maandishi yaliyochongwa. Rajasimha alijichongea mamia ya majina ya sifa kuzunguka vijihekalu hivyo, kwa mtindo ambao washairi wetu wa majigambo wangeuelewa. Lakini maandishi yanayonivutia zaidi ni ya adui yake. Mfalme Vikramaditya wa Pili wa ukoo wa Chalukya aliuteka mji huu katika karne hiyo hiyo ya 8, akaliona hekalu, na badala ya kulipora akarudisha mali yake, kisha akaamuru habari hiyo ichongwe pale pale kwa lugha yake ya Kikannada. Hekalu la Virupaksha huko Pattadakal, lililojengwa na malkia wake, linafanana na hili kwa namna isiyoweza kuwa bahati.

Kukizunguka chumba cha ndani kuna njia nyembamba ambayo waumini huingia kwa kutambaa na kutoka kwa kutambaa, wakiamini kwamba anayepita huko hatazaliwa tena duniani. Tundu lake ni dogo kweli. Mgeni hana sababu ya kujibana humo, ila kusimama pembeni na kumsikiliza mtu mnene akitoka upande wa pili huku jamaa zake wakimshangilia ni burudani isiyo na dharau. Tenga saa nzima kwa hekalu hili.

Hatua ya pili: mwembe wa Ekambareswarar

Kutoka pale rudi kuelekea mjini hadi Ekambareswarar, na hapo ukubwa hubadilika ghafla. Mnara wa lango la kusini unakaribia mita 60, na ulijengwa mwaka 1509 na Krishnadevaraya, mfalme wa Vijayanagara. Mnara wa namna hii huitwa gopuram, na katika India ya kusini ndio unaokuonyesha hekalu kutoka mbali, kama mnara wa msikiti unavyokuonyesha mji wa pwani.

Jina la hekalu lina maana ya bwana wa mwembe mmoja. Kisa chake ni kwamba mke wa Shiva, akiwa hapa duniani kwa toba, alifinyanga alama ya mumewe kwa mchanga chini ya mwembe. Mto Vegavathi ukafurika, na yeye, badala ya kukimbia, akaikumbatia alama ile isisombwe. Shiva akaridhika, wakaoana chini ya mti huo. Ndiyo maana hekalu hili ni moja kati ya matano ya Shiva yanayowakilisha udongo, maji, moto, hewa na anga. Hili ni la udongo, na alama yake ya mchanga haioshwi kwa maji kama zilivyo nyingine.

Mgeni haingii kwenye chumba hicho, ila ukumbi mrefu unaolizunguka hekalu uko wazi: safu za nguzo zinazokwenda mpaka jicho linachoka, na ukutani safu za lingam, yaani nguzo fupi za mawe zenye kichwa cha mviringo, alama ya Shiva. Mwembe unaoheshimiwa uko katika ua wa nyuma. Wanasema una miaka 3,500 na kwamba matawi yake manne huzaa maembe ya ladha nne, moja kwa kila kitabu cha Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu. Mtu wa Tanga au Zanzibar, anayejua dodo, boribo na sikio la punda, atakuwa na maswali yake. Ayaweke. Wanawake wanaoomba watoto hulizunguka shina lile kimya, na si mahali pa mjadala wa maembe.

Hapa ndipo pia utakapokutana na watu wanaojitolea kukuongoza, kukubariki na kukuandika katika daftari la michango. Mchango wa kweli hutiwa katika sanduku lililofungwa. Niliwahi kuonyeshwa daftari lililojaa kiasi kikubwa kikubwa, vyote vikiwa vimeandikwa kwa mwandiko mmoja.

Hatua ya tatu: Kamakshi kwa haraka, Vaikunta Perumal kwa utulivu

Hekalu la Kamakshi Amman liko karibu, na kwa waumini ndilo moyo wa mji. Mungu huyu wa kike ameketi amekunja miguu, ana upinde wa muwa mkononi, na kwa heshima yake mahekalu mengine ya Shiva mjini hayana chumba cha mkewe: yeye mmoja anawatosha wote. Asiye Mhindu atauona ua, bwawa la maji na kilele kilichofunikwa kwa dhahabu juu ya paa, basi. Dakika ishirini zinatosha.

Zibakize dakika arobaini za mwisho kabla ya saa sita kwa ajili ya Vaikunta Perumal, lililo jirani na stendi na ambalo wageni wengi hulipita bila kujua. Lilijengwa katika karne ya 8 na Nandivarman wa Pili, na vyumba vyake vitatu vimepandana kama ghorofa, Vishnu akiwa amekaa, amelala na amesimama. Jambo la kutazama ni ukuta wa varanda inayolizunguka. Umechongwa historia ya wafalme wa Pallava, picha baada ya picha, na sehemu yake inasimulia jinsi mfalme alivyokufa bila mrithi, wajumbe wakafunga safari kutafuta mtu wa ukoo, na wakarudi na mvulana wa miaka 12, ambaye ndiye Nandivarman mwenyewe. Mawe yameliwa na wakati, kwa hiyo simama ubavuni ili mwanga uyaguse kwa upande; hapo utaziona pua, ngoma na miguu ya tembo ambazo ukisimama mbele huzioni.

Saa za jua kali: chakula na hariri

Mlango ukifungwa, kula. Migahawa mingi ya karibu na mahekalu haiuzi nyama. Agiza mlo wa jani la mgomba: wali katikati, mchuzi wa dengu uitwao sambar, mboga tatu nne, mtindi na papadi, na atapita mtu na ndoo kukuongezea mpaka uweke kiganja juu ya jani. Mji huu pia una idli yake ya pekee, ambayo hutolewa sadaka katika hekalu la Varadharaja. Mchele na dengu huloweshwa, husagwa na kuachwa vichachuke, kama mtu anavyofanya kwa vitumbua, kisha hutiwa pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi kavu, na kupikwa kwa mvuke katika kikapu kilichotandikwa majani. Hukatwa vipande kama keki. Ni nzito, na harufu yake ya majani hubaki vidoleni.

Baada ya chakula waombe wakupeleke Pillayarpalayam, mtaa wa wafumaji. Sari za Kanchipuram zinajulikana India nzima, na siri yake ni rahisi kuielewa kwa mtu aliyekulia kwenye kanga. Sari ina mji na ina pindo, na pale mji na pindo huwa na rangi tofauti kwa sababu hufumwa kwa nyuzi za mshindio tofauti. Mfumaji mmoja hurusha uzi kutoka kulia, msaidizi wake hurusha kutoka kushoto, uzi wa tatu hupita katikati, na mahali zinapokutana hufungamana mstari kwa mstari. Nilisimama nyuma ya mume na mke waliokuwa kazini, miguu yao ikiwa shimoni chini ya kitanda cha mfumi, na kwa muda wa robo saa kitambaa hakikuongezeka upana wa vidole viwili. Sari moja huweza kuchukua wiki mbili au zaidi.

Ukitaka kununua, geuza sari upande wa ndani na uutazame mshono wa mji na pindo; katika kazi ya mkono utauhisi kwa kidole kama mgongo mdogo wenye meno. Omba wachome uzi mmoja: hariri hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika, ilhali uzi wa plastiki huyeyuka na kuwa punje ngumu. Zari ya kweli, ile ya fedha iliyopakwa dhahabu, ukiikwangua utakuta moyo wake ni uzi mwekundu wa hariri. Jina la sari hizi limelindwa kisheria tangu mwaka 2005, na maduka ya vyama vya ushirika vya wafumaji huweka bei zisizobadilika. Duka ambalo dereva anakupeleka bila wewe kuliomba humlipa kamisheni, nayo hutoka mfukoni mwako.

Jioni: Varadharaja Perumal

Saa kumi kasoro robo uwe Kanchi Ndogo. Mara tu baada ya lango la magharibi, kushoto, kuna ukumbi wa nguzo mia, ambao una kiingilio kidogo na ambao mgeni yeyote huruhusiwa. Ni kazi ya enzi za Vijayanagara, na ndipo penye uchongaji ninaoupenda kuliko wote mjini. Kila nguzo ni jiwe moja. Wapanda farasi wanaruka kutoka kwenye nguzo, na ukitazama chini ya kwato utakuta askari wameshika bunduki, kwa kuwa wachongaji walikwisha kuwaona Wazungu. Kwenye kona za paa inaning'inia minyororo ya mawe. Pete zake zimechongwa kutoka kwenye jiwe moja na paa, bila kiungo, na zinacheza zikiguswa, ingawa hazipaswi kuguswa.

Nyuma ya ukumbi liko bwawa, na chini ya maji yake amelala Athi Varadar, sanamu ya Vishnu ya mti wa mtini, ambayo hutolewa nje mara moja kila miaka 40. Ilitolewa mwaka 1979, kisha 2019 kwa siku 48, watu wakafurika kwa mamilioni. Itatoka tena mwaka 2059.

Ndani zaidi, kwa waumini tu, kuna mijusi miwili darini, mmoja wa dhahabu na mwingine wa fedha, ambayo watu hupanda ngazi kuigusa ili madhara yawaondoke. Kisa ni cha wanafunzi waliolaaniwa na mwalimu wao kwa sababu mjusi alikutwa kwenye mtungi wa maji waliyomletea. Kwetu mjusi wa ukutani tunamwita mjusi kafiri na watoto humwinda kwa kandambili; nilimweleza hivyo mzee mmoja aliyeketi kando ya bwawa, naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto hao hawaogopi.

Kaa uani mpaka taa ziwashwe, kama saa kumi na mbili na nusu, wakati nadhaswaram, zumari refu la kusini, linapoanza kulia pamoja na ngoma na mawe yanapokuwa yamepoa kiasi cha kuvua soksi. Mabasi ya kurudi Chennai huendelea jioni, lakini panga kuwa stendi kabla ya saa mbili usiku. Viatu vifuate mapema zaidi, kwa kuwa mtunza viatu hutangulia kufunga kabla ya hekalu.